Futi Tatu za Nduta

Kawangware
Jumapili, 6 Machi 1955

Suad rafiki yangu,

Asubuhi ukungu mzito na baridi ya kuuma mifupa. Hadi saa tatu sikuweza kuuona mnara wa askari wa homgadi, ulio hatua mia mbili tu kutoka mlangoni kwetu. Sentensi hiyo nimeinakili kutoka shajara yangu. Bwenini ulikuwa ukinicheka kwa kuandika hali ya hewa kila siku, ukisema eti Mungu ataniuliza. Nicheke tena, kisha usome kwa makini, maana nina ombi.

Unajua tulihamishwa mwezi wa Novemba. Nyumba yetu ilichomwa, na sasa tunaishi katika kijiji hiki kipya, nyumba mia moja na arobaini ndani ya waya mmoja. Tangu Januari wanawake wanachimba handaki la kukizunguka, ili watu wa msituni wasiingie na sisi tusitoke. Kila asubuhi nyapara Ng'ang'a hupita na mti wake akampimia kila mwanamke futi tatu za urefu, naye huzishusha hadi kina cha goti kabla jua halijatua. Asiyemaliza huongezewa kesho yake.

Mimi sichimbi. Walimu tumesamehewa. Lakini dada yangu Nduta anachimba, na mimba yake ina miezi sita. Mumewe, Thuo, yuko kizuizini tangu Oktoba. Jumatano Nduta alitokwa na damu. Alhamisi alipimiwa futi tatu kama kawaida.

Bwana Halden, aliyeletwa kuwa DO, ofisa wa serikali wa upande wetu, ndiye yule yule ambaye baba yako alikuwa sajenti wake kule Burma. Uliniambia huja kwenu kila Idi akala kwa mkono. Naomba umfikie. Ila usimwombe amtoe Nduta kazini. Mwombe ahamishiwe kuchota maji ya wachimbaji. Maji hubebwa na wanawake wawili, hakuna anayewaonea kijicho, na kazi yao iko pale pale handakini mbele ya macho ya wote. Debe lina uzito, lakini si jembe. Maji tu, Suad. Usizidishe. Usiniulize kwa nini. Watu wa hapa nawajua mimi.

Pasi yangu hainiruhusu kufika Kibra, na nikiomba nyingine sitapewa. Jibu mpe Adam wa maziwa. Huniachia dukani kwa Mhindi.

Wako,
Wangoi


Laini Saba, Kibra
Alhamisi, 17 Machi 1955

Wangoi dada,

Salaam aleikum. Futa machozi, jambo limekwisha.

Barua zote za Baba naandika mimi tangu nitoke shule. Yeye hutia kidole gumba tu. Nimemwandikia Bwana Halden ukurasa mzima kwa jina la Baba, kidole kikatiwa, na jibu limekuja baada ya siku tatu. Siku tatu, Wangoi. Wazee wa hapa husubiri jibu la pensheni miaka mitatu.

Sikuomba maji. Ngoja, usikunje uso. Wewe ni mwalimu, hujui kuomba. Wanaojua kuomba ni askari. Baba amekaa jeshini miaka ishirini na miwili na husema: ukitaka likizo ya wiki, omba ya mwezi, kwa sababu mkubwa lazima apunguze kitu ndipo ajione mkubwa. Ukimwomba maji utapewa kikombe kitupu. Basi niliomba Nduta aondolewe kazini kabisa hadi ajifungue, nikijua Bwana atakata na kutubakizia hayo maji yako. Hakukata. Ametoa yote. Cheti kimegongwa mhuri na kimepelekwa kwa nyapara wenu.

Mwambie Nduta anyooshe miguu anywe uji. Nawe uache kunitisha na habari za damu, hapa nilipo silali.

Suad Fadlalla


Kawangware
Jumapili, 27 Machi 1955

Suad,

Asubuhi jua kali, hakuna wingu. Ningekuandikia tangu Jumatatu, lakini nilichana kila karatasi niliyoianza.

Nilikuambia maji. Nilikuandikia neno maji mara tatu katika barua moja.

Jumatatu tarehe 21 Ng'ang'a alisimama mbele ya mstari na cheti chako mkononi. Nilikuwa nikipita kwenda shule, nikasikia kila neno.

"Nduta wa Thuo, weka jembe chini. Bwana DO anasema upumzike mpaka uzae."

 Rahab, anayechimba kushoto kwa Nduta na mtoto wa miezi minne mgongoni, akauliza, "Na futi zake?"

"Futi hazina mimba," Ng'ang'a akasema. "Wewe utaongeza moja na nusu. Wamuyu moja na nusu."

Ulidhani Bwana Halden amefuta futi tatu duniani. Hakufuta hata inchi. Handaki lina urefu ule ule na tarehe ile ile ya kumalizika, na mtu mmoja akitoka, jembe lake linaingia mikononi mwa jirani. Ndiyo maana nilisema maji. Anayechota maji yumo mstarini. Wamuyu ana miaka hamsini na mitano. Ndiye mkunga pekee tuliyebaki naye. Ndiye aliyemzalisha mama yetu alipomzaa Nduta. Sasa anachimba futi nne na nusu kwa ajili ya mtoto aliyempokea kwa mikono yake. Alimtazama Nduta akasema, "Haya, mke wa Bwana. Tukirudi tukute chai."

Jumanne Nduta alirudi na jembe begani. Ng'ang'a akamfukuza. "Unataka nifungwe? Hii ni amri. Nenda ukalale."

Basi analala. Analala akitazama ukuta. Tangu siku hiyo hakuna nyumba iliyomwazima moto, na jana alimsalimia Rahab kisimani, Rahab akaisalimia ndoo.

Wewe huombi kwa niaba ya mtu. Unaonyesha kwamba unaweza kuomba.

Wangoi


Laini Saba, Kibra
Jumamosi, 2 Aprili 1955

Kwa Mwalimu Wangoi,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno asante. Labda lilidondoka kwenye baiskeli ya Adam.

Umeniandikia Rahab alisema nini, Wamuyu alisema nini, hata ndoo ilisalimiwa vipi. Damu imekoma au haijakoma? Hukuandika. Uliniomba kwa sababu ya mtoto, na katika barua nzima mtoto hukumtaja.

Hivi unajua nimefanya nini ili ule mhuri ugongwe? Hujui, na sitakuambia, kwa sababu sipendi kumhesabia mtu wema kama muuza vitunguu. Lakini jua kwamba mlango ule haukuwa wangu wa kugonga, nami niliugonga. Huku Kibra mkubwa akikusaidia unachukua sahani ya chakula, unaifunika kwa kawa yako nzuri kuliko zote, unampelekea. Wewe umenipelekea matusi.

Majirani wananuna. Waache wanune. Kununa hakumwagi mimba. Na kama kilio chenyewe ni zile futi tatu, basi jembe la Nduta limelala bure na wewe una mikono miwili. Mbona hujalishika? Unawahurumia Rahab na Wamuyu kutoka upande gani wa handaki? Au chaki ni nzito?

Suad


Kawangware
Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili 1955

Suad,

Asubuhi mvua, ya kwanza ya masika. Udongo wa handaki umekuwa ujiuji na jana ukingo mmoja uliporomoka.

Damu imekoma. Mtoto anacheza. Umejibiwa.

Sasa nisikilize, na usiufanye huu kuwa mzaha wa vitunguu. Alhamisi tarehe 31 Machi homgadi waliingia alfajiri wakachukua wanaume wawili. Mmoja ni mtoto wa mwisho wa Wamuyu. Wanawe wengine wawili walishachukuliwa mwaka jana; huyu ndiye aliyekuwa amebaki. Cheti kilisomwa tarehe 21. Watu wamehesabu siku kumi. Hawajui habari za Burma wala za sajenti. Wanajua kwamba mke wa mtu aliye kizuizini ameandikiwa cheti na DO, na hapa cheti cha namna hiyo kinanunuliwa kwa kitu kimoja tu, majina. Wamekata shauri kwamba Nduta alitaja.

Nilimwambia Wamuyu si kweli. Akasema, "Basi kilitoka wapi?" Nikasema nina rafiki Kibra. Akacheka. Amempoteza mwanawe, na mimi namweleza kuhusu rafiki. Nikamwuliza kama atakuja siku ya Nduta. Hakuacha kuchimba. "Mwambie amwite Bwana amshike mgongo," akasema.

Nduta ana nyonga nyembamba. Mimba yake ya kwanza, mwaka juzi, mtoto alikaa vibaya na Wamuyu alifanya kazi kutoka asubuhi hadi jioni, akamwokoa Nduta, mtoto hakumpata. Hospitali iko mbali, na uchungu ukianza usiku, saa za kafiu, za kutotoka nje, hakuna atakayetoka hai nje ya waya. Bila Wamuyu dada yangu atakufa katika nyumba ambayo hakuna mtu anayeiazima moto.

Unauliza kuhusu jembe. Mwalimu akionekana handakini atafutwa kazi, na mshahara wangu unalisha watu watano. Huko kwenu hamjapimiwa hata futi moja. Hamchomewi nyumba, hamfungiwi ndani ya waya. Mna shamba pasi, karatasi ya kukalia ardhi, na mna sajenti, na mkubwa akiandikiwa anajibu siku ya tatu. Ninyi mnaomba mkiwa mmeketi.

Mwandikie tena Bwana Halden. Mwambie cheti kibadilishwe, Nduta arudi mstarini achote maji, na Ng'ang'a akisome hicho mbele ya wote kama alivyokisoma cha kwanza. Safari hii andika nilichokuambia.

Wangoi


Laini Saba, Kibra
Ijumaa, 29 Aprili 1955

Wangoi,

Ni siku ya sita ya Ramadhani na kichwa kinaniuma, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Siwezi kuandika tena. Nitakuambia sababu, ili ukinichukia unichukie kwa jambo la kweli.

Baba hakujua. Nilimwambia karatasi ile ni ya pensheni, akatia kidole akarudi kwenye kahawa yake. Na ili barua iwe na uzito niliifunga hivi: "Hili ni ombi langu la kwanza na la mwisho kwako, Bwana. Sitakuomba lingine maishani." Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliisoma kwa sauti peke yangu chumbani.

Tarehe 18 walikuja watu na ndoo ya chokaa, wakaandika namba kwenye nyumba kumi na tano za mstari wetu. Yetu ni ya tisa. Wanataka pa kupitisha barabara. Tuondoke kabla ya tarehe 15 Juni. Ile shamba pasi unayonionea wivu inasema tunakaa kwa ruhusa ya serikali, na ruhusa imekwisha. Majirani walilia. Baba hakulia. Aliwaambia wazee, "Tulieni. Ninaye mtu." Alikuwa amemweka Bwana Halden akiba miaka tisa tangu vita viishe, bila kumwomba hata koti kuukuu. Alisema neno la mkubwa ni kama risasi ya mwisho, huipigi hewani.

Alivaa medali zake akaenda. Adhuhuri akarudi. Bwana alimpa kiti, akamtolea barua yenye kidole chake mwenyewe, akamsomea ule mstari. "Sajenti, uliniambia hili ndilo la mwisho. Nami nikalitimiza lote, kwa heshima yako." Baba anasema Bwana alikuwa akitabasamu kama mtu anayetunza ahadi.

Baba hakunipiga. Aliniuliza, "Niliomba nini?"

Nikamwambia, "Mwanamke mmoja wa Kawangware asichimbe."

"Unamjua?"

"Namjua dada yake."

"Basi nyumba hii umempa yeye," akasema.

Tangu siku hiyo hazungumzi nami. Tukiwa chumba kimoja humtuma shangazi Mabruka: "Mwambie msomi alete maji ya kufuturu." Shangazi naye hugeuka na kuniambia, nami niko hatua mbili tu.

Unasema tunaomba tukiwa tumeketi. Kuanzia Juni hatutakuwa na pa kuketi. Na neno asante bado sijaliona. Maji yako nilipaswa kuyaomba kama ulivyosema, hilo nakubali, na nalikubali nikiwa nimekasirika. Lakini chaki yako bado ni nzito, na jembe la Nduta bado limelala.

Suad


Suad,

Sina barua. Huu ni ukurasa wa shajara, nimeuchana kama ulivyo. W.

Jumamosi, 28 Mei 1955. Asubuhi manyunyu, kisha mawingu mepesi, baridi.

Jana ilikuwa siku ya ishirini na tatu tangu nishike jembe. Suad aliniuliza kama chaki ni nzito, nikamchukia mwezi mzima kwa sababu alikuwa amesema kweli. Siku ya kwanza Ng'ang'a alicheka mpaka akashika mnara. "Mwalimu, hapa hakuna ubao." Nikamwambia cheti kinasema Nduta asichimbe, hakisemi futi zake zisichimbwe na mtu wa nyumba yake. Akakisoma tena, akakuna shingo, akanipimia. Naingia saa nane shule ikifungwa na kutoka giza likikaribia. Rahab na Wamuyu wamerudi kwenye futi tatu zao. Msimamizi wa shule ameniletea onyo. Likija la pili sina kazi.

Siku ya tano Rahab alisema, "Shika jembe, mama, usilishike kama kalamu." Hayo ndiyo maneno yote niliyopewa na mstari ule. Wamuyu alinipa mgongo siku zote ishirini na tatu.

Uchungu wa Nduta ulianza jana jioni baada ya kafiu kuanza. Saa kumi na mbili asubuhi, filimbi ya kumaliza kafiu ilipopigwa tu, nilikuwa mlangoni kwa Wamuyu. Alikuwa akiwasha moto.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza.

"Sijui."

"Dada yako anajua?"

"Hajui. Cheti hakukiomba yeye. Kiliombwa na rafiki yangu, na aliyemtuma rafiki yangu ni mimi."

Alitazama mikono yangu, hakunitazama uso. "Ulimtuma aombe hivyo? Mwenzetu atolewe, sisi tubaki?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa kweli. Niliandika maji mara tatu. Ningeweza kumtaja Suad na kusimama pale nikiwa safi.

"Nilimtuma," nikasema.

Wamuyu akafunika moto kwa majivu, akanipita, akatangulia.

Mtoto alikuwa amekaa vibaya kama yule wa kwanza. Sitaandika aliyoyafanya Wamuyu. Sikuyaona yote, nilikuwa nimemshika Nduta mabega nikitazama dari. Saa moja na nusu akazaliwa msichana, mzima, mwenye hasira. Kwetu msichana hupokewa kwa vigelegele vitatu, na majirani huviitikia. Wamuyu alikata kitovu, akamfuta mtoto, akamweka kifuani kwa mama yake, akanawa. Nduta alikuwa akimtazama mdomo, akingoja. Wamuyu akajifunga shuka. Mlangoni akaniambia, "Mtoto hana kosa. Jumatatu usichelewe."

Vigelegele nilipiga mimi. Sijawahi kupiga maishani, sauti ilikatika kwenye cha pili, lakini vilifika vitatu. Nje kulikuwa na watu, niliwasikia wakipita na madebe. Hakuna aliyeitikia.

Saa mbili na nusu nilikwenda mnarani kumwomba Ng'ang'a pasi ya siku moja kufika Kibra. Akauliza ya nini. Nikasema kuna watu wanavunjiwa nyumba tarehe 15 Juni, nataka nikawasaidie kubeba mabati.

"Wewe si una DO wako?" akasema. "Mwombe yeye."

"Simjui."

"Unamjua nani basi?"

"Hakuna ninayemjua," nikasema.

Akaniambia nirudi nyumbani. Nitaomba tena Jumatatu, na Jumanne.

Bado nina hasira na Suad. Alisikia ombi langu akaandika la kwake. Naye ana hasira nami, na yake ina nyumba ndani yake. Neno analolitafuta sijaliandika mpaka leo. Asante, Suad. Mtoto yuko hai, na baba yako ndiye aliyelipa.

Nililala saa nne kasoro robo asubuhi.